Koti la Mtani

Harufu ya koti la Mwenyekiti Mhando ninaikumbuka kuliko harufu ya nyumba yetu wenyewe. Lilinuka ugoro, moshi wa kuni mbichi, na dawa ya nondo ambayo mkewe aliitia mifukoni kila baada ya mkutano. Lilikuwa koti la kijivu, zito, lililowahi kuvaliwa na Mzungu fulani aliyekuwa meneja wa shamba la mkonge kabla mashamba hayajataifishwa, na kwenye kiwiko cha kushoto lilikuwa na kiraka cha kijani ambacho hakikulingana na kitu chochote katika wilaya nzima ya Handeni. Mtu akiliona koti lile likija njiani, hata kama jua linampiga machoni, alijua ni Mwenyekiti. Nililala kichwa changu kikiwa juu ya koti hilo katika safari ya lori kutoka kijijini kwetu hadi Korogwe, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, nimefungwa kiunoni mkia wa panya uliosukwa kwa katani. Ningejua lingetufanyia nini, ningelitupa Mto Pangani tulipokuwa tunavuka daraja.

Kijiji chetu, Kwedimkole, kilikuwa kipya wakati huo. Watu walikuwa wametolewa kwenye vitongoji vyao vya porini, ambako kila ukoo ulikaa na makaburi yake, wakapangwa kwa mistari kama mihogo. Baba yangu, Maganga, alikuwa Mnyamwezi. Alikuja Korogwe kijana, kwa treni, akiwa manamba wa kukata mkonge, akaukata hadi bei ilipoporomoka na kambi zikaanza kufungwa. Mama yangu ni Mzigua wa Handeni, kwa hiyo tukahamia kwao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba alilishika jembe siku ya kwanza, akalima shamba la kijiji bila kukosa siku hata moja, na miaka minne baadaye bado aliitwa mgeni. Tulikaa kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya mjomba, na moshi wa jiko la mkewe ulikuwa ukiingia kwetu bila hodi. Viwanja vya mstari wa mbele, karibu na bomba la maji, viligawiwa kwa wanakijiji walioandikwa, na baba hakuwa ameandikwa. Alichokitaka duniani kilikuwa kidogo mno: kiwanja kwa jina lake, ili akifa asizikwe kwenye ardhi ya shemeji. Mwenyekiti Mhando alikuwa amemwahidi kwamba baada ya mavuno ya mwaka ule angemwandika.

Kitu kimoja tu baba alikuwa nacho pale kijijini bila kuombaomba, nacho ni utani. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara, na anayetoka mahali pengine huenda asielewe uzito wa jambo hilo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako nawe ukacheka. Anaweza kuingia jikoni kwako akabeba kuku, nawe ukamkimbiza kwa matusi, kisha mkamla pamoja. Baba alikuwa akipita mbele ya baraza ya Mwenyekiti asubuhi na kumwuliza kama bado kuna Wazigua waliobaki, au wote wamejiuza kwa kibaba cha mahindi kama babu zao wakati wa njaa. Mwenyekiti naye alimjibu kwamba Mnyamwezi yeyote asiyekuwa na mzigo kichwani amepotea njia. Walikuwa wanafurahi kila siku kwa maneno yaleyale. Na kwenye msiba ndipo utani unapoonekana kazi yake. Mtani ndiye anayechukua nguo za marehemu, akazivaa, akatembea kama alivyotembea, akakohoa kama alivyokohoa, mpaka mjane aliyekuwa hana hata chozi lililobaki anajikuta anacheka. Nilimwona baba akifanya hivyo alipokufa mzee mmoja mchoyo wa sukari. Alivaa kanzu yake, akaketi katikati ya wafiwa, akaanza kuhesabu punje za sukari kwenye kiganja, na mjane alicheka hadi akalazimika kushikwa. Baba aliniambia usiku ule kwamba marehemu asiyetaniwa huondoka na njaa.

Mwalimu Shemweta ndiye aliyetuletea mchezo. Alikuwa kijana mrefu, Msambaa kutoka Bungu, mwenye tabia ya kuvaa sweta hata kwenye joto la Handeni, na alifundisha darasa letu la tano. Alikuwa na kitabu kilichochanika jalada na kurasa za mwanzo, kwa sababu mwenye nyumba wake wa zamani alizitumia kufungia karanga, kwa hiyo hata yeye hakuwa na hakika ni nani aliyekiandika. Alichojua ni kwamba kilikuwa mchezo wa kuchekesha wa kale sana, wa huko Ulaya, uliokwisha kuchekesha watu kwa karne nyingi kabla hatujazaliwa. Ulimhusu msimamizi wa ghala la bwana mmoja. Nyumba nzima inalala njaa, yeye tu ananenepa, na kila akiulizwa nafaka imekwenda wapi, anaapa kwamba imeliwa na panya. Mwalimu alikaa na kitabu kile likizo nzima, akautia mchezo wote katika Kiswahili, akauhamishia kwenye ghala la kijiji, na palipokuwa na maneno marefu akaweka nyimbo. Alichukua mahadhi ya selo, ngoma ya Wazigua ambayo kila mmoja wetu aliijua tangu mgongoni mwa mama yake. Hakuna aliyepata kuona kitu kama kile, watu wanaimba badala ya kusemezana. Mama alisema ni kama harusi ambayo hakuna anayeolewa.

Ule ulikuwa mwaka wa mahindi ya njano ya msaada. Mvua zilikuwa zimekataa, na watu walikuwa wakipanga foleni na vikapu mbele ya ghala lililofungwa kwa kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa katibu na mwingine kwa Mwenyekiti. Mchezo kuhusu msimamizi wa ghala, mwaka kama ule, ulikuwa moto kwenye nyasi kavu. Mwalimu alilijua hilo, kwa hiyo akamchagua baba awe msimamizi. Alisema mbele yetu sote, wakati wa mazoezi, kwamba sehemu ile akiicheza Mzigua itakuwa ugomvi, akiicheza Msambaa itakuwa siasa, lakini akiicheza Maganga itakuwa utani, na utani hauna kesi. Niliyaamini maneno yale kama nilivyoamini hesabu za ubaoni. Mwenyekiti mwenyewe alipopata habari alikuja mazoezini, akavua koti lake, akamtupia baba kifuani.

“Livae, Mnyamwezi,” alisema, “maana bila koti langu hakuna atakayeamini kwamba wewe ni mtu mwenye ghala. Lakini usilitie jasho lenu, halitoki.”

“Nitalirudisha linanukia,” baba akamjibu. “Mkeo atashindwa kulitambua.”

Kitabuni msimamizi anafukuzwa mwishoni kwa viboko. Baba alikataa. Hakujua kusoma, lakini alimwambia Mwalimu kwamba hawezi kumwacha mtani wake amefukuzwa mbele ya wanakijiji, na akaeleza sababu kwa namna ambayo Mwalimu aliiandika kwenye daftari lake. Alisema mtani humvua mtu nguo, kisha humvika yeye mwenyewe. Akimvua tu akamwacha, huyo si mtani, ni adui. Kwa hiyo Mwalimu akabadilisha mwisho. Katika mchezo wetu, mvua inanyesha, watu wanavunja mlango wa ghala ili wamfumanie msimamizi, na ndani wanakuta magunia ya mbegu ambayo alikuwa ameyaficha asishawishike mtu kuyala wakati wa njaa. Msimamizi anabebwa juu juu, na wote wanaimba wimbo wa kupanda. Sisi watoto tisa tulikuwa panya. Tulisuka mikia kwa katani ambayo baba aliitoa kambini, na kazi yetu ilikuwa kumzunguka msimamizi tukiimba:

Panya gani huyu ajabu,
ana viatu miguuni?
Havunji mlango akiingia,
ufunguo u mfukoni.

Tulicheza mara ya kwanza uwanjani shuleni, alasiri, juu ya jukwaa la matofali ya kuchoma yaliyokuwa yamepangwa kwa ajili ya zahanati ambayo hata leo sijui iliishia wapi. Pazia lilikuwa magunia yaliyoshonwa. Baba alipotokea ndani ya koti lile, mikono nyuma, tumbo mbele, akakohoa mara mbili kabla ya kusema kama alivyofanya Mwenyekiti kwenye kila mkutano, uwanja ulilipuka. Mimi nilikuwa miguuni pake, panya wa pili kutoka kushoto, na niliona uso wa Mwenyekiti mstari wa mbele. Alikuwa akilia kwa kucheka. Alijipiga mapaja, akamwegemea katibu, akasimama kumtukana baba na akaketi tena kwa sababu hakuweza kupata pumzi. Wakati wa wimbo wa panya yeye ndiye aliyeanza kupiga makofi. Ninalisema hili kwa sababu nimewahi kuambiwa na watu ambao hawakuwapo kwamba alikuwa amekasirika tangu mwanzo. Si kweli. Mhando hakuwa mwizi, na aliweza kucheka kwa sababu hakuwa mwizi. Kama angekuwa mwizi, nisingekuwa na haja ya kuandika, maana wezi wapo wengi.

Mara ya pili tulicheza Chanika, pale Handeni mjini, siku ya gulio, na watu wakaacha bidhaa zao wakaja kutazama. Hapo ndipo jina letu lilipofika mbali, tukaitwa Korogwe, kwenye siku ya maonyesho ya vikundi kutoka vijiji mbalimbali, ambako wakubwa wa mkoa wangehudhuria. Kijijini hakukulalika. Mwenyekiti alikusanya watu, akasema kikundi kikirudi na ushindi, jambo la kwanza atakalofanya ni kumwandika Maganga, kwa kuwa mtu aliyeitangaza Kwedimkole hawezi kuitwa mgeni. Alisema hivyo kwa mdomo wake, mama akiwa amesimama karibu na mimi, na nilihisi mkono wake ukinibana bega. Jioni ile baba alikwenda mstari wa mbele, kwenye kiwanja cha tatu kutoka bomba, akasimama tu pale, mikono kiunoni. Alinionyesha mahali ambapo mlango ungetazama. Aliniambia, “Mayu, hapa,” akiniita mama kwa Kinyamwezi kama alivyokuwa akiniita siku zote alipokuwa na furaha, akachora mstari ardhini kwa kidole cha mguu.

Basi tukapakiwa kwenye lori la ushirika, juu ya magunia ya pamba, na vumbi la barabara likatupaka wote rangi moja. Korogwe ilinitisha. Kulikuwa na reli, maduka yenye madirisha ya vioo, na wanafunzi wa shule za mjini waliovaa soksi. Ukumbi ulikuwa na viti vya kweli na taa zilizowaka mchana, na umeme wake, Mwalimu alitueleza, ulitoka Hale, kwenye maporomoko, mwendo mfupi tu kutoka pale. Wahenga husema jogoo la shamba haliwiki mjini, lakini jogoo wetu aliwika. Watu wa Korogwe walikuwa wamechanganyika, wengi watoto wa manamba kama mimi, na walicheka kabla hata ya kuambiwa wacheke. Baba alikuwa hodari siku ile kuliko siku zote. Alitembea na koti lile kana kwamba alizaliwa nalo.

Mstari wa mbele, kwenye kiti chenye mikono, alikaa mkubwa mmoja kutoka mkoani. Jina lake silijui na sikutaka kulijua. Alivaa suti ya mikono mifupi na alikuwa na kalamu mbili mfukoni. Kando yake alikuwa Mwenyekiti wetu, amevaa shati tu, kwa kuwa koti lake lilikuwa jukwaani. Mkubwa yule alikuwa amekwisha kuzuru Kwedimkole mara mbili kukagua ghala, na mara zote mbili alipokewa na koti la kijivu lenye kiraka cha kijani. Tulikuwa tumefika kwenye wimbo wa panya. Tulikuwa tunaimba habari ya ufunguo, na baba alikuwa akijipapasa mfukoni kwa hila, watu hoi, nami nikamwona mkubwa yule akiinama mbele, akilitazama koti, kisha akigeuka polepole kumtazama Mhando. Akanyanyua mkono. Mpiga ngoma akaacha. Sauti zetu zikafa moja baada ya nyingine, yangu ikawa ya mwisho kwa sababu nilikuwa nimefumba macho.

“Mwenyekiti,” mkubwa akasema, na ukumbi mzima ulisikia, “hilo si koti lako? Huyu mzee anasema wewe unaiba mahindi ya wananchi?”

Jibu lilikuwa fupi. Mtoto yeyote wa Handeni angelitoa akiwa usingizini. Ni mtani wangu. Maneno matatu, na kama mkubwa yule alikuwa ametoka mbali asielewe, waliokuwa nyuma yake wangemweleza, maana nusu ya ukumbi walikuwa watani wa nusu nyingine. Baba aliyangoja maneno yale huku akitabasamu. Alikuwa bado amepinda mgongo kwa mtindo wa Mwenyekiti, mkono mfukoni, akiamini kabisa kwamba sasa mtani wake atasimama, amtukane, ukumbi uangue kicheko, na mchezo uendelee hadi kwenye mbegu. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Mhando alisimama. Aliitazama kalamu ya yule mkubwa, ambayo ilikuwa tayari imetoka mfukoni.

“Simfahamu vizuri huyu,” akasema. “Ni mtu wa kuja.”

Mchezo wetu uliishia hapo. Mlango wa ghala haukuvunjwa, mbegu hazikuonekana, na wimbo wa kupanda, ambao ndio nilioupenda kuliko zote, haukuimbwa Korogwe wala mahali pengine tena. Watu wa Korogwe walibaki na msimamizi mwizi. Baba alibaki katikati ya jukwaa na koti la mtu mwilini. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, alisema mwanamke mmoja aliyekuwa mlangoni tulipokuwa tukitolewa, na aliyasema kwa kutuonea huruma, nami nikamchukia kwa miaka mingi bila kosa lake. Mwalimu Shemweta alijaribu kufuata na daftari lake, akieleza kwamba mwisho haujafika, mwisho ni mzuri. Hakuna aliyemsikiliza. Kabla ya mwezi kwisha alihamishiwa kusini, na kitabu chake kisicho na jalada akaondoka nacho.

Siku iliyofuata baada ya kurudi, baba alilipiga koti pasi ya mkaa aliyoazima kwa mjomba, akalikunja, akanichukua tukaenda kwa Mwenyekiti. Nadhani alinichukua kwa sababu mbele ya mtoto watu wazima huona haya. Alisimama nje ya baraza akapiga hodi. Mlango ulifunguka nusu. Baba akanyoosha mikono yote miwili na koti, akajaribu, Mungu wangu, alijaribu kutania. Alisema, “Nimelirudisha na jasho la Kinyamwezi, sasa utabeba mizigo kama sisi.” Akacheka peke yake kidogo, kumwonyesha mwenzake njia. Mkono ukatoka, ukalichukua koti, na mlango ukafungwa. Nilitazama mlango ule. Nilijua kwamba ndani mle kuna mtu anayepumua, amesimama kama sisi, na hatufungulii. Baba akasubiri kidogo, akaniambia twende. Alipofika kwenye kiwanja cha tatu kutoka bomba alizunguka kwa nyuma ili asikipite.

Kwenye mkutano wa kijiji ilisomwa kwamba watu wa kuja wasio na kazi maalumu warudi walikotoka. Walikuwa wengi kwenye tangazo, lakini aliyeondoka alikuwa mmoja. Mama aliambiwa yeye anaweza kubaki, ni mwenyeji, lakini alifunga virago. Tulirudi kwenye mkonge, kambi karibu na Hale, kwenye chumba kimoja cha mabati. Baba akaanza tena kukata akiwa mtu mzima, mwiba wa mkonge ukamchoma jicho la kulia likaharibika. Alikuwa bado mchangamfu kwa watu. Lakini sikumsikia tena akitania. Wazigua walikuwapo kambini, walimchokoza kama ilivyo ada, naye alikuwa akitabasamu na kuwaambia sijambo, sijambo. Nilikuwa nikitamani amtukane mtu hata mmoja. Mtu anaweza kupoteza kiwanja akapata kingine, lakini baba yangu aliamka kila siku akiwa na adabu kwa watani zake, na adabu ile ndiyo iliyokuwa ikiniuma.

Alikufa nikiwa tayari muuguzi hapa Korogwe, nimejenga vyumba viwili kwa jina langu. Tuliuweka msiba kwangu. Asubuhi ya mazishi, watu wakiwa wamejaa uani, niliona mzee akishuka kwenye basi la Handeni na bakora, akija taratibu, na kabla sijamtambua uso nilitambua kikohozi. Mara mbili, kisha maneno. Mhando alikuwa amekwisha, mifupa mitupu, hana koti. Alimpa mama pole kwa Kizigua, mama akaipokea. Kisha akanijia mimi, binti mkubwa, niliyekuwa na nguo za marehemu zimekunjwa mapajani, na mimi nikamwamkia shikamoo kwa sababu ndivyo nilivyolelewa.

“Nipe koti lake, mwanangu,” akasema kwa sauti ya kusikika, ili wafiwa wajue kwamba kazi imeanza. “Mimi ni mtani wake.”

Maneno yalikuwa yaleyale matatu, na moja la ziada. Alikuwa ameyabeba miaka yote ile, akayapandisha basi, akayaleta mahali ambapo hayakuwa na kazi tena. Mikono yake ilikuwa imenyooshwa yote miwili, kama ya baba siku ile barazani. Nililishika koti la baba, koti la kaki la kambini lililotoboka, na nikasikia mdomo wangu ukisema, kwa utulivu, mbele ya watu wote:

“Simfahamu vizuri huyu. Ni mtu wa kuja.”

Watu walicheka. Hilo ndilo jambo ambalo halijapata kuniacha. Mimi ni mtoto wa Mnyamwezi, kwa hiyo Mhando ni mtani wangu pia, na wafiwa walidhani nimeanza kumtania kama inavyopasa. Walicheka kwa moyo, wakasema kweli huyu ni mtoto wa Maganga, wakangoja ajibu. Mama hakucheka. Mhando naye hakucheka. Mikono yake ilibaki hewani muda kidogo, kisha akaishusha, akarudi nyuma, akaketi kwenye jamvi pamoja na majirani kama mtu yeyote aliyekuja kuzika. Baba yangu, aliyewachekesha wajane wa Handeni nzima, alipelekwa makaburini bila mtu kuvaa nguo zake, bila mtu kukohoa wala kutembea kwa maringo yake. Mhando alikufa mwaka uliofuata. Sikwenda.

Sasa mimi ni bibi mwenye wajukuu. Wananionyesha kwenye simu vijana wa Dar es Salaam wanaovaa nguo za watu wengine na kuigiza wakubwa, na wanacheka kweli, nami nacheka nao. Vijana wale hawajui watani wao ni akina nani, na anayewatazama hajui pia, kwa hiyo kila mzaha unamwangukia mtu yeyote, na mara kwa mara nasikia mmoja ameitwa kujieleza. Tulipokuwa watoto kila mzaha ulikuwa na mwenyewe. Sidai kwamba wakati ule ulikuwa bora. Utani wetu uliojaa matusi na kuku wa kuiba ulishindwa na kalamu moja, ukumbini, mchana kweupe, na mtu aliyeuvunja hakuwa hata mbaya. Alikuwa mwoga, na mwoga ni sisi wengi. Kwa Mhando nina hasira hadi leo, na nitakufa nayo.

Lakini koti la kaki bado ninalo, ndani ya sanduku, na dawa ya nondo mifukoni. Mwaka huu nilipolitoa kulianika jua, mjukuu wangu wa kike aliniuliza ni la nani na kwa nini halivaliwi. Nilimwambia ni la baba yangu, kuna mzee alikuja kuliomba nikamnyima. Akaniuliza kama mzee yule alikuwa mbaya. Nilianza kumweleza habari za Korogwe, za kiraka cha kijani, za panya tisa na mbegu ambazo hazikuonekana, na nilipofika kwenye maneno ya baba kwamba mtani humvua mtu nguo kisha humvika yeye mwenyewe, nilishindwa kuendelea. Mhando alikuwa amesimama mbele yangu hana koti, na koti lilikuwa mapajani mwangu.